Seti thelathini za mikono: bidii au kujiumiza?

Leo tuzungumzie mikono. Sina maana ya mkono wa birika wala mkono mrefu wa dola. Nina maana ya mkono wenyewe, kipande kile kilicho kati ya bega na kiwiko, ambacho kijana wa mjini akivaa singlendi hutaka kionekane kabla hajaonekana yeye mwenyewe.

Ukipita jioni katika vichochoro vya miji yetu, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, utawasikia kabla ya kuwaona. Chuma kinagonga chuma, mtu anaguna, mwingine anahesabu. Pengine ni jimu yenye vioo na ada ya mwezi. Mara nyingi zaidi ni ua wa nyumba ya mtu: benchi la mbao, bomba la chuma lenye kopo la rangi lililojazwa zege kila ncha, na gia mbili tatu za lori lililokufa zamani. Hapo yupo kijana anayekunja mkono na kuukunjua, anakunja na kukunjua. Mwulize amekwisha piga seti ngapi. Atakujibu ishirini, bado kumi. Na kesho? Kesho mikono tena. Ndipo mwenzake aliyekalia tofali atakapodakia: "Wewe bwana, unaichosha misuli. Itasinyaa badala ya kujaa." Basi ubishi umeanza, na hautaisha leo.

Kwa wale ambao hawajawahi kugusa vyuma, seti moja ni kunyanyua mzigo mara kadhaa mfululizo, tuseme mara nane hadi kumi na mbili, kisha kupumzika kidogo. Seti thelathini za mara kumi ni kuukunja mkono mara mia tatu. Swali letu ni hili: kijana huyu anajenga au anabomoa?

Ubishi huu haukuzaliwa uchochoroni kwetu. Ulianza mbali, na wakubwa wake ni watu ambao picha zao zimebandikwa katika kuta za jimu hizo hizo. Wa kwanza ni Arnold Schwarzenegger, ambaye wengi wetu tulimjua kwanza katika vibanda vya video. Alizaliwa mwaka 1947 katika kijiji cha Thal nchini Austria, akahamia Marekani mwaka 1968, akatwaa taji la Mr. Olympia mara saba: sita mfululizo kuanzia 1970 hadi 1975, na la saba mwaka 1980. Yeye na wenzake wa Gold's Gym, pale Venice, California, walifanya mazoezi siku sita kwa wiki, mara nyingi asubuhi na tena jioni, na seti ishirini au zaidi kwa kundi moja la misuli halikuwa jambo la kushangaza. Kijana wetu wa seti thelathini ni mjukuu wa mafundisho hayo, hata kama hajui.

Upande wa pili alisimama Arthur Jones, mtu wa vituko kweli kweli, aliyefuga tembo na mamba huko Florida na kuunda mashine za mazoezi za Nautilus. Jones alisema seti nyingi ni kupoteza wakati: piga seti moja, lakini uipige hadi msuli ukatae kabisa, halafu nenda nyumbani. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, alimfanyisha mazoezi mnyanyuaji mmoja, Casey Viator, kwa siku 28 na kutangaza kwamba ameongeza zaidi ya kilo 28 za misuli. Dunia ya vyuma ikashika kichwa. Lakini Viator hakuwa mgeni wa vyuma. Alikwisha kuwa Mr. America mwaka 1971, na kabla ya jaribio hilo alikuwa amepungua sana baada ya ajali na maradhi. Alikuwa anarudia mwili aliokuwa nao, jambo ambalo ni rahisi mno kuliko kuupata mara ya kwanza.

Mwanafunzi wa fikra za Jones, Mike Mentzer, ndiye aliyezipandisha jukwaani. Mwaka 1980, huko Sydney, Australia, yeye na Schwarzenegger walikutana. Schwarzenegger, aliyekuwa amekaa nje ya mashindano kwa miaka mitano, alipewa ushindi, Mentzer akawekwa wa tano, na matokeo hayo yanabishaniwa hadi leo. Kisha akaja Mwingereza Dorian Yates wa Birmingham, aliyeshinda mara sita mfululizo, 1992 hadi 1997, kwa seti chache za mzigo mzito kupindukia. Wafuasi wa seti chache wakapiga vigelegele. Ila mwaka 1994 msuli wa mbele wa mkono wa kushoto ulimchanika Yates, na mwaka 1997 ukafuata wa nyuma. Kwa hiyo asije mtu akakwambia kwamba seti chache ni kinga ya kuumia.

Mimi naona mabingwa hawa hawawezi kutuamulia ubishi wetu. Kumwuliza bingwa wa dunia alipataje mikono yake ni kama kumwuliza mtu mrefu alikula nini. Kwanza wamezaliwa na miili ambayo wewe na mimi hatukugawiwa. Pili, dawa. Schwarzenegger mwenyewe amekiri hadharani kwamba alitumia dawa za kukuza misuli, na hakuwa peke yake. Dawa hizo huufanya mwili uvumilie na kujenga kwa kiasi ambacho mwili mtupu hauwezi. Tatu, kazi yao ilikuwa hiyo hiyo: kunyanyua, kula, kulala. Kijana wetu amesukuma mkokoteni tangu asubuhi.

Basi tuwaache mabingwa, tuwasikilize waliopima. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, walichapisha jaribio ambalo kwa mada yetu ni kama limeshonwa kwa vipimo. Waliwachukua vijana, wakawafanyisha seti 12 za kukunja mkono mmoja, na mkono wa pili wakauacha upumzike. Kisha wakapima kasi ya msuli kujijengea protini. Ukiunganisha na vipimo vyao vya awali, hali ilikuwa hivi: saa nne baada ya zoezi, kasi ya ujenzi katika mkono uliofanya kazi ilipanda kwa nusu, baada ya saa 24 ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ule uliopumzika, baada ya saa 36 ilikuwa imekaribia kurudi pale pale ilipoanzia.

Tuelewane hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Ule mjazo unaouona kwenye kioo mara tu unapoweka chuma chini ni damu na maji yaliyokimbilia msulini, na kabla ya chakula cha usiku umekwisha. Ujenzi wenyewe hufanyika baadaye, ukiwa umekaa, umekula, umelala. Zoezi ni tangazo la zabuni tu. Mafundi wanakuja usiku. Anayepiga mikono Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, seti thelathini kila siku, anatangaza zabuni mpya kabla mafundi wa jana hawajamaliza kuchanganya udongo.

Je, wingi wenyewe una faida? Ndiyo, unayo, na hapa wafuasi wa Mentzer hawatanipenda. Mwaka 2017 watafiti Brad Schoenfeld, Dan Ogborn na James Krieger walikusanya majaribio mengi yaliyokwisha kufanywa, wakayapima kwa pamoja, wakaona kwamba kadiri seti za wiki zinavyoongezeka ndivyo misuli inavyokua zaidi, na waliofanya seti 10 na kuendelea kwa wiki kwa kila msuli waliwazidi waliofanya pungufu. Hata waliofanya chini ya seti tano walikua, ila kidogo. Sikia vizuri: kwa wiki, si kwa jioni moja.

Mwaka 2019 Schoenfeld na wenzake wakachapisha jaribio jingine, la wanaume 34 wenye uzoefu wa vyuma, kwa wiki nane. Walikuja siku tatu kwa wiki. Kundi la kwanza lilifanya seti moja kwa kila zoezi, la pili seti tatu, la tatu seti tano. Kundi la seti moja lilimaliza kwa dakika 13 hivi, la seti tano lilikaa zaidi ya saa nzima. Nguvu ziliongezeka karibu sawa kwa wote! Lakini kwa unene, msuli wa mbele wa mkono, ule ambao watu wa jimu huuita baisepsi, ulikua zaidi kwa waliofanya mengi. Wa nyuma, traisepsi, haukuonyesha tofauti ya kutosha kati ya makundi.

Sasa uchekeshaji uko wapi? Watu wale hawakufanya zoezi hata moja la kukunja mkono peke yake. Walikuwa wanavuta chuma kutoka juu kuja kifuani na kuvuta kebo wakiwa wamekaa, na katika kuvuta huko mkono unakunjwa. Hesabu mwenyewe kwa kundi la tatu: mazoezi mawili ya kuvuta, seti tano kila moja, siku tatu. Ni seti thelathini. Hizo hapo thelathini za kijana wetu, ila zimegawanywa katika wiki, na zimejenga mgongo pia. Yeye huzimaliza kabla ya adhana ya Ishaa, halafu kesho hujining'iniza kwenye mti na kujivuta juu, na wala hazihesabu hizo kuwa za mikono. Vivyo hivyo kila pushapu na kila kunyanyua chuma kutoka kifuani ni kazi ya msuli wa nyuma. Ndiyo maana wengi wanaodhani wanafanya seti ishirini wanafanya arobaini.

Na wingi una dari. Mwaka huo huo wa 2017 watafiti wa Australia walilinganisha watu waliofanya seti kumi za zoezi lile lile katika kipindi kimoja na waliofanya tano. Walikuwa 19 tu, kwa wiki sita, kwa hiyo tusilikuze jambo. Lakini wale wa kumi hawakuwazidi wale wa tano. Seti tano za ziada zilikuwa jasho la bure.

Tumefika kwenye neno ambalo yule wa kwenye tofali analipenda: kuzidisha mazoezi. Mwaka 2013 vyama viwili vya wataalamu wa michezo, kimoja cha Ulaya na kimoja cha Marekani, vilitoa tamko la pamoja lililoligawa jambo hili katika ngazi tatu. Ya kwanza ni uchovu wa makusudi: unajisukuma, unashuka kidogo, unapumzika siku chache hadi wiki mbili, unarudi ukiwa bora. Hiyo si ugonjwa. Ya pili ni kushuka kunakodumu wiki kadhaa hata miezi bila faida yoyote. Ya tatu ndiyo maradhi yenyewe: mtu anashuka kwa miezi, usingizi unaharibika, moyo wa kazi unatoweka, magonjwa madogo madogo hayamwishi, na vipimo vya hospitali havionyeshi sababu nyingine. Hiyo ya tatu imeonekana zaidi kwa wakimbiaji wa masafa marefu, waogeleaji, waendesha baiskeli, watu wanaoutumikisha mwili mzima saa nyingi. Kijana anayekunja mikono tu uani ni nadra kuifikia. Kwa hiyo jamaa wa kwenye tofali amekosea, msuli hausinyai kwa sababu ya seti thelathini. Unasinyaa kwa njaa, kwa maradhi na kwa kukaa bure.

Lakini kijana naye asishangilie, kwani mkono una njia nyingine mbili za kumwonyesha.

Ya kwanza ni kiwiko. Msuli umejaa damu na huzoea mzigo kwa wiki chache. Kano zinazoufunga kwenye mfupa zina damu kidogo na huzoea polepole, kwa miezi. Anayepandisha mzigo kwa kasi ya msuli anaiacha kano nyuma, na siku moja anaona hawezi kushika ndoo ya maji bila kuumia upande wa nje au wa ndani wa kiwiko. Maumivu ya namna hiyo yanaweza kukaa miezi mingi. Kwa mwenye kazi ya ofisini ni kero. Kwa fundi mwashi, kinyozi au mpakua mizigo, ni mkate wa watoto.

Ya pili ndiyo iliyonifanya nichague mada hii. Msuli ukitumikishwa ghafla kupita kiasi ulichozoea, nyuzi zake hupasuka na kumwaga vilivyomo katika damu. Kimojawapo ni kitu chekundu kiitwacho mayoglobini, ambacho kazi yake ni kutunza hewa ya oksijeni ndani ya msuli. Kikiwa kingi katika damu kinakwenda kuziumiza figo. Madaktari wa Uingereza, Bywaters na Beall, waliyaandika hayo mwaka 1941, walipowaona watu waliofukuliwa katika vifusi vya nyumba za London zilizopigwa mabomu: wametolewa hai, miguu imepondeka, na siku chache baadaye figo zinakufa. Hali hiyo ya msuli kuyeyuka huitwa rabdomayolisisi, na haihitaji bomu. Januari mwaka 2011, wachezaji 13 wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa hospitali baada ya kurudi kutoka likizo na kupewa zoezi la kuchuchumaa na kuinuka na chuma begani mara mia moja. Hao ni vijana wa miraba minne, wenye makocha na madaktari. Walipona wote, kwa kuwa walifikishwa hospitali.

Wale walikuwa wa miguu, lakini mikono ni dhaifu zaidi katika jambo hili. Majaribio yameonyesha kwamba zoezi lisilozoeleka huiharibu misuli inayokunja kiwiko kuliko ya paja, labda kwa kuwa miguu imezoea kutubeba kila siku. Habari njema ni kwamba zoezi la kwanza likiwa dogo huupa msuli kinga: la pili, hata likiwa kubwa kidogo, haliumizi vile. Kwa hiyo aliye hatarini si yule mzoefu wa seti thelathini aliyepanda polepole kwa miaka miwili. Ni mdogo wake, aliyekuja leo kwa mara ya kwanza na kuambiwa "fuata ninachofanya." Ni yule aliyepumzika mwezi mzima wa Ramadhani na anataka kuurudisha mwili wote Idi pili. Ni yule aliyewekeana dau la soda na wenzake kuhusu pushapu mia mbili, saa tisa alasiri, katika joto la pwani la mwezi wa Februari, bila maji.

Dalili zake si maumivu ya kawaida ya kesho yake. Mkono unavimba na kuwa mgumu, hauwezi kunyooka, maumivu hayaelezeki, na mkojo unakuwa na rangi ya Coca-Cola au ya chai ya rangi iliyokolea. Akiuona mkojo huo, aende hospitali siku hiyo hiyo na aseme wazi kwamba ametoka kwenye mazoezi makali, maana asiposema anaweza kutafutiwa malaria au kichocho. Asimeze diklofenaki au ibuprofeni kutuliza maumivu, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kuziongezea figo mzigo wakati ziko taabani.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, kwa askari weusi wa Jeshi la Marekani wapatao 48,000, uliona kwamba wenye chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, si wagonjwa bali wabebaji tu, walikuwa na hatari ya rabdomayolisisi iliyozidi kwa asilimia 54 ile ya wenzao. Hawakuonekana kufa zaidi, na hawakatazwi mazoezi. Lakini katika ukanda wa pwani na kando ya Ziwa Victoria wabebaji ni wengi, na wengi wao hawajui. Mwenye ndugu mgonjwa wa selimundu, au siko seli kama wengi waitavyo, ana sababu ya kupima, kunywa maji na kuanza pole pole.

Limebaki suala la sahani. Uchambuzi wa majaribio mengi, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba faida ya protini kwa mnyanyuaji hufikia kikomo karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 anazungumzia gramu 96. Yai moja lina gramu kama sita. Si lazima uwe unga wa kopo wenye picha ya jitu. Dagaa, maharage, maziwa na mayai vinafika. Lakini anayekula ugali na mchicha mara moja kwa siku baada ya kubeba mifuko ya saruji tangu alfajiri, kisha akaongeza seti thelathini, amewaita mafundi bila kuwanunulia tofali. Huyo seti nane kwa wiki zitamtosha, na fedha ya jimu ingefaa zaidi sokoni.

Kwa hiyo nimjibuje kijana wetu? Kama amefika hapo hatua kwa hatua, viwiko haviumi, analala, anakula, basi agawe zile thelathini katika siku tatu, ahesabu na za kuvuta na za kusukuma, na atakuta mikono haimdai zaidi. Awe na daftari. Wiki mbili mfululizo akiona mzigo ule ule unamshinda, apunguze nusu ya seti kwa wiki moja, kisha arudi. Na yule mdogo wake wa siku ya kwanza apewe seti mbili, mzigo mwepesi, kikombe cha maji, na aambiwe arudi keshokutwa.